Mshika Funguo Haondoki na Mteja

Wapo wanaoogopa nyoka, na wapo wanaoogopa giza. Bwana Desimali alikuwa akimwogopa mwanamke mmoja mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Akimwona anakuja upande huu wa barabara, yeye huvuka. Asipopata pa kuvukia, huingia duka la magodoro akajifanya anauliza bei. Mwenye duka alishachoka naye. Siku moja alimwambia kwamba kwa jinsi anavyouliza, kama kila mara angenunua, ukoo wake mzima usingelala chini.

Mwanamke huyo mtaani anaitwa Mama Pacha, na ni mhasibu, kama Bwana Desimali mwenyewe. Usidhani waligombana. Laiti wangegombana, maana ugomvi una mwisho: mnatukanana, mnasuluhishwa, mnaendelea na maisha. Mama Pacha hakuwahi kumtolea hata neno moja baya. Wakikutana, atamsalimu vizuri, atauliza hali ya Mwalimu, ndiye mke wa Bwana Desimali, kisha atapita zake. Salamu ile ndiyo iliyokuwa ikimchoma kuliko tusi.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ili tufike pamoja.

Bwana Desimali ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka hilohilo la magodoro. Meza moja, viti viwili vya wateja, na kabati la mafaili ambalo mlango wake mmoja haufungi mpaka uusukume kwa goti. Jina la Desimali alipewa na fundi cherehani ambaye yeye alimrudisha nyumbani na hesabu zake zote kwa sababu ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Fundi alilitoa kwa hasira, mwenzake akalipokea kwa furaha. Na kweli kwenye tarakimu alikuwa mtu safi. Hakuna aliyewahi kumshawishi apunguze hapa au aongeze pale. Uongo wake haukukaa kwenye hesabu. Ulikaa mdomoni.

Sasa, wahasibu wa pande zile wana chama chao cha kanda. Ukimuuliza Bwana Desimali enzi hizo chama kile ni cha kazi gani, angekujibu kuwa ni cha kunywa chai na kupigana picha. Alikuwa akihudhuria semina zao kwa sababu bila semina leseni haihuishwi, anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na chai ikiisha naye anaisha. Wenzake walijua. Walimwekea kiti kile kama anavyowekewa mgeni rasmi.

Lakini chama kilikuwa na kazi zaidi ya chai. Sheria ya kodi ikibadilika, ni chama kinachowaita watu wa ofisi ya kodi waje waeleze kwa lugha inayoeleweka. Mhasibu akikwama kwenye jambo gumu, kuna mzee mmoja mstaafu anayekaa kwenye meza ya ushauri, unampigia simu anakusikiliza wala hamwambii mtu kwamba ulikuwa hujui. Kijana akimaliza masomo, chama kinamtafutia ofisi ya kujifunzia. Kuna bima ya matibabu ya pamoja. Na mteja akidhulumiwa na mhasibu, kuna kamati ya nidhamu, ambayo ikikuita hupati chai.

Juu ya hayo kuna utaratibu mmoja ambao ndio uliomkamata mtu wetu. Mwanachama anayefanya kazi peke yake lazima awe na mwenzake aliyekubali kumshikia ofisi akipatwa na jambo: ugonjwa, msiba, uzazi. Wao wenyewe wanamwita mshika funguo. Anafungua ofisi yako, anamaliza kazi zilizokaribia tarehe, anakutunzia wateja mpaka urudi. Na sheria yake moja kubwa inasemwa kama methali, hata wasiojua sheria nyingine wanaijua hii: mshika funguo haondoki na mteja.

Miaka mingi nyuma, kabla hajaitwa Mama Pacha, yule mwanamke alikwenda kujifungua. Mshika funguo wake alikuwa nani? Ndiyo, umekwisha kumjua.

Alizishika funguo vizuri, hilo tumpe. Kazi zilikwenda, tarehe hazikupitwa. Ila kati ya wateja wa yule mama alikuwamo mzee mwenye mashine ya kusaga nafaka nje kidogo ya mji, mzee mcheshi, nyusi nyeupe kwa unga mwaka mzima, watu wakimwita Mzee Pumba. Alikuwa mteja wa heshima. Ukisema unamfungia hesabu Mzee Pumba, wafanyabiashara wengine wanakufuata wenyewe. Na Bwana Desimali wakati ule ofisi yake ilikuwa imepwaya, kiti cha wateja kinakaliwa na gazeti. Basi siku moja Mzee Pumba alipouliza yule mama anarudi lini, ulimi wa Bwana Desimali ukajibu kabla yeye hajaamua. Akasema yule mama ameagiza salamu, kwamba kazi ya mashine hataitaka tena, sasa ana watoto wachanga na vumbi la unga linampa kifua.

Mzee Pumba alijikung'uta unga begani. Kisha akasema haya, kama vumbi letu limemshinda, basi tufungie wewe.

Mama Pacha alirudi kazini akakuta mteja wake mkubwa hayupo. Bwana Desimali alimsubiri aje kuuliza, na jibu alikuwa nalo tayari. Yule mama hakuja. Alimpokea funguo, akamshukuru kwa kumshikia ofisi, akarudi mezani kwake. Bwana Desimali akajiambia atamweleza wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa ngumu kuliko hii, mwezi ujao ukawa mgumu kuliko wiki, na mwishowe akaanza kuvuka barabara.

Wahasibu ni watu wa kunyamaza, lakini si vipofu. Walimwona Mzee Pumba yuko kwa nani, wakahesabu moja na moja. Tangu hapo Bwana Desimali akawa anampata mshika funguo kwa taabu, mpaka mwaka mmoja akakosa kabisa. Kila aliyemwomba alikuwa na udhuru mzuri: huyu safari, huyu macho, huyu mke hapendi. Mwaka huo katibu wa kanda akampigia simu, leseni inasubiri jina la mshika funguo tu, na bila jina hahuishi. Bwana Desimali alikuwa dirishani. Chini barabarani akamwona Mama Pacha anapita na mwavuli. Akasema, "Mwandike Mama Pacha. Nimeshaongea naye."

Hakuwa ameongea naye. Lakini aliwaza kwamba mshika funguo ni kama ile mitungi myekundu ya kuzimia moto inayotundikwa ukutani: ni lazima iwepo, wala hakuna anayetarajia kuitumia. Yeye hakuwahi kulazwa tangu azaliwe. Na mwaka uliofuata katibu alipopiga, akajibu, jina lilelile.

Ndugu zangu, mwili hauna adabu. Msimu wa ritani, zile taarifa za kodi za kila mwaka, wakati kabati limejaa mpaka goti halitoshi, Bwana Desimali alinyanyua boksi la mafaili kwenye ngazi, na ngiri aliyokuwa ameificha hata kwa mkewe ikajitangaza. Mwenye duka alimkuta amekaa kwenye ngazi, jasho linamtiririka, akamlaza kwenye godoro la maonyesho. Ndiyo mara ya kwanza kulalia bidhaa ya pale. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa siku hiyohiyo.

Alipozinduka, jambo la kwanza aliloliuliza ni nani atalipa. Mwalimu akamwambia ni bima ya chama chake cha chai. La pili aliloliuliza ni ritani za wateja, maana tarehe ilikuwa inakuja mbio, na mteja akichelewa anatozwa faini yeye, si mhasibu wake. Mwalimu akamwambia asijali, katibu wa kanda ameshajua, na ameshampigia mshika funguo.

Hapo ndipo mgonjwa alipojaribu kushuka kitandani, wauguzi wakamrudisha.

Fikiria alivyokuwa pale. Mama Pacha alikuwa na haki ya kusema maneno machache tu: huyu hajawahi kuniomba. Maneno hayo yangefika kwenye kamati, kamati ingefukua ya zamani, na leseni ingeondoka. Wateja wasio na hatia wangepigwa faini, na watoto wake wangesikia barabarani baba yao ni mtu wa namna gani. Alilala akitazama dari, akingoja habari hiyo kama anayengoja daktari wa pili.

Kumbe katibu alipompigia Mama Pacha na kumwambia funguo ni zake, yule mama alifunga kwanza daftari alilokuwa akiliandika. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kama ni kweli yule bwana alimtaja yeye. Akaambiwa ndiyo, miaka miwili sasa. Akasema basi kesho asubuhi atakuwa pale.

Utaratibu wa chama unataka mtu wa familia awepo kabati linapofunguliwa, ili asije mtu akasema kitu kimepotea. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa ofisini siku zile, amekaa kiti cha wateja akisahihisha madaftari ya wanafunzi, akimwangalia mwanamke mfupi anavyotoa faili moja, analimaliza, analirudisha palepale, anausukuma mlango kwa goti kana kwamba ameuzoea. Mwalimu alikuwa hajui lolote. Alimpenda. Alimletea chakula kutoka nyumbani. Akamwambia mumewe ana bahati kuwa na rafiki wa namna hii, na Mama Pacha akajibu tu kwamba hiki chakula kimepikwa kwa utulivu.

Siku ya tatu akaingia Mzee Pumba na fimbo yake, kuulizia hesabu za mashine. Akamwona aliyekaa mezani. Akasimama mlangoni, hakusalimia.

"Kumbe siku hizi vumbi limekuachia," akasema.

Mama Pacha aliinua macho. "Vumbi lipi, mzee?"

"La unga wangu. Si ndilo ulilolikimbia? Ulimtuma huyu bwana aje kuniambia. Mimi nikasema sawa, hata mbwa hukataa nyumba kwa kubweka kwanza. Wewe hukubweka."

Mama Pacha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa. Mwalimu anasema kalamu yake nyekundu ilibaki hewani juu ya daftari la mtoto wa watu. Maana aliona, palepale, kwa jinsi yule mama alivyochukua muda kuifuta miwani isiyo na doa, kwamba jambo hili alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza, na kwamba alikuwa akilitafuta kwa miaka.

"Mimi sikumtuma mtu, mzee," akasema. "Nilikwenda kujifungua tu. Karibu ukae, faili lako ndilo linalofuata."

Akamfungia hesabu zake mpaka mwisho, akaziweka kwenye bahasha, akaandika juu jina la ofisi ya Bwana Desimali, si la kwake. Mzee Pumba alizipokea akitazama bahasha, akimtazama yeye, akimtazama Mwalimu, kama mtu aliyeingia kwenye mchezo katikati. Aliondoka bila mzaha, jambo ambalo si kawaida yake.

Mwalimu alikusanya madaftari. Alitaka kuomba msamaha, lakini hakujua aombe kwa niaba ya nani. Aliuliza tu kwa nini, akijua aliyotendewa, alikubali kuja. Mama Pacha alikuwa akifunga faili la fundi cherehani. Akasema hakuja kwa ajili ya mwenye kabati. Alikuja kwa ajili ya waliomo kabatini, hao hawakumkosea mtu.

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda hospitali na machungwa. Alimmenyea mumewe moja, polepole, ganda likatoka lote bila kukatika. Hakupaza sauti, wagonjwa wengine wangesikia. Alimsimulia neno kwa neno: vumbi, mbwa, miwani, bahasha. Bwana Desimali aligeuza uso ukutani.

"Baba watoto," Mwalimu akasema, "mimi pale nilikuwa nampelekea chakula. Nikajiona mwema. Nimekaa siku tatu nampa wali mtu tuliyemla."

Akamwekea chungwa kwenye sahani, akaenda kupanda gari.

Ritani zote ziliingia kabla ya tarehe. Hakuna mteja aliyelipa faini, na kadiri alivyosikia habari hiyo njema ndivyo Bwana Desimali alivyozidi kudidimia. Wateja walikuja kumwona na matunda. Fundi cherehani, kwa nia njema kabisa, alimwambia yule mama ana mkono mwepesi, hata nukta zake zinakaa zenyewe.

Alipoweza kutembea, hakuvuka barabara. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mama Pacha, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka zamu yake ikafika. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Mama Pacha akaweka funguo mezani, akamweleza kila faili limefikia wapi, lipi linadai saini yake, lipi linahitaji stakabadhi moja zaidi. Akamaliza. Bwana Desimali akaanza, akasema Mama Pacha, ile habari ya zamani, na yule mama akainua kiganja.

"Mimi hukuniambia uongo wowote," akasema. "Hukuniambia kitu kabisa. Uliyemwambia yuko kwenye mashine."

Basi akaenda kwenye mashine. Kwa mtu mwenye mshono mbichi ile njia si fupi, na angeweza kupiga simu, lakini alijua kwamba simu ndiyo iliyomfikisha hapa.

Mashine ilikuwa inaunguruma. Akina mama na vijana wamepanga foleni na ndoo zao, unga unaruka, Mzee Pumba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Bwana Desimali akainama sikioni kwake akaanza kusema kwa sauti ya hospitali. Mzee akatikisa kichwa, akaonyesha sikio: hasikii. Akarudia kwa nguvu kidogo. Mzee akaonyesha sikio tena. Mimi siwezi kuapa kama kweli hakuwa anasikia. Mzee yule amekaa na mashine ile maisha yake yote, na bei ya ndoo huwa anaisikia vizuri.

Ikabidi Bwana Desimali akazane. Akajishika mshono kwa mkono mmoja, akapaza sauti kwamba yule mama hakusema habari ya vumbi, hakusema lolote, alikuwa hospitali na watoto wake. Na hapo nafaka ya mtu wa mbele ikaisha, mwendesha mashine akazima, na sauti ya Bwana Desimali ikabaki peke yake kwenye chumba kizima:

"Ni mimi niliyetunga, nilikuwa naitaka kazi yako."

Unga ukawa unashuka taratibu juu ya mabega ya watu. Mama mmoja kwenye foleni akaweka ndoo yake chini, akasema kwa upole, "Endelea, baba, tunakusikiliza."

Watu wakajizuia kucheka. Mzee Pumba hakucheka. Alijifuta nyusi kwa kiganja, ya kulia, kisha ya kushoto.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimemnunia mtu bure," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Akinisalimu barabarani, nilikuwa siitikii."

"Nilijua, mzee. Niliwahi kuona."

"Basi hiyo aibu hukuibeba peke yako. Umenigawia na mimi." Akageuka kwa mwendesha mashine. "Washa."

Mazungumzo yakaishia hapo. Bwana Desimali alirudi nyumbani mweupe kichwa mpaka viatu, na njia nzima watu wakimuuliza kama sasa amebadilisha kazi.

Mwezi uliofuata Mzee Pumba alikuja kuchukua mafaili yake, akayapeleka kwa Mama Pacha mwenyewe, kwa miguu. Wateja wawili wengine walimfuata. Bwana Desimali aliwafungia mafaili kwa kamba, akayashusha kwenye ngazi moja moja, kama daktari alivyomwagiza.

Kwenye chama hakuitwa na kamati. Mama Pacha hakupeleka malalamiko, na katibu hakupenda kufukua. Ila sasa katibu hupiga simu pande zote mbili, anayeomba kushikiwa na anayeshika, asikie kwa kila mdomo. Wanachama wanauita utaratibu huo kanuni ya Desimali. Hawamfichi. Kwenye semina ya kwanza baada ya kupona, mwenyekiti aliutaja hivyohivyo mbele ya ukumbi, na mwenye jina alikuwa amekaa kiti cha mbele, hakuna mlango karibu. Chai ilipoisha alibaki.

Msimu wa leseni ulipokaribia akarudi tena kwenye benchi la wateja la Mama Pacha. Safari hii hakuwa amepanga maneno. Akasema mwaka huu bado hana mshika funguo, na kwamba anaomba, na kwamba akikataliwa ataelewa. Hajawahi kusema sentensi ndefu namna ile bila kumeza mate.

Mama Pacha aliendelea kuandika mpaka mwisho wa mstari. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Bwana Desimali akakitazama, akaelewa, akachomoa ufunguo wa akiba kutoka kwenye kipete chake. Yule mama akaupokea, akaufungia kwenye droo.

Ufunguo wa ofisi yake mwenyewe hakumpa amshikie. Naye hakuuliza.